UZI: Mtoto aliyeasiliwa na familia ya rangi nyingine hubaguliwa mara mbili, na mara nyingi huanzia nyumbani

#1 Mtoa mada

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana linagusa watu walio hai na huenda wengine wako humu wanasoma kimya kimya.

Kila inapotajwa habari ya Wazungu kuasili watoto weusi, Waasia au wa Wenyeji wa Marekani, watu hugawanyika papo hapo. Huku wanasema upendo hauna rangi, kule wanasema ni wizi wa watoto. Mtoto mwenyewe, ambaye pengine leo ni mtu mzima mwenye watoto wake, haulizwi na upande wowote.

Hoja yangu ni moja. Mtoto huyu hubebeshwa ubaguzi wa aina mbili kwa pamoja. Wa kwanza ni wa rangi, tunaujua. Wa pili ni wa kuasiliwa: ile imani kwamba familia ya kweli ni ya damu, na kwamba aliyechukuliwa ana deni kwa aliyemchukua. Huu wa pili ndio unaomziba mdomo asiuseme ule wa kwanza. Ametukanwa shuleni kwa rangi yake, anarudi nyumbani akijiuliza: nikisema, mama ataona sina shukrani? Ananyamaza. Wazazi wanakaa miaka wakiamini nyumba yao haina tatizo hilo.

Tuanze na ndani, kwa sababu huko ndiko watu hawapendi kuangalia. Bibi anawanunulia wajukuu wote zawadi sawa, ila siku ya kupiga picha ya ukoo anasema, "Sasa tupige moja ya wajukuu wenyewe." Shangazi akimtambulisha kwa wageni lazima aongeze, "Huyu waliasili." Mjomba anakejeli watu weusi mezani, kisha anamgeukia mtoto na kumtuliza: "Sikusemi wewe. Wewe ni wetu."

Hiyo kauli ya mjomba ndiyo inayoniuma kuliko zote. Anayeitoa hudhani amempamba mtoto. Sasa isikilizeni kwa masikio ya mtoto. Inamwambia kwamba watu wanaofanana naye wana walakini, kwamba yeye ameponea kwa hisani ya ukoo, na kwamba nafasi yake mezani inategemea kutokuwa kama wao. Akifika miaka kumi na saba, akaanza kusuka nywele, akapata marafiki wa rangi yake, akazungumzia jinsi polisi wanavyomtazama, ile "wewe ni wetu" huanza kulegea. Ndugu wanasema amebadilika, ameharibiwa na marafiki. Na wazazi, kwa kuogopa ugomvi wa kifamilia, humwomba yeye mtoto avumilie badala ya kumwambia mjomba afunge mdomo.

Halafu kuna mzazi anayesema, "Mimi sioni rangi." Naamini anakusudia mema. Lakini mtoto anaiona, na huiona mapema mno. Miaka ya 1940 wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark, mtu na mkewe, Wamarekani weusi, waliwapa watoto wadogo weusi wanasesere weupe na weusi na kuwauliza yupi ni mzuri, yupi ni mbaya. Wengi walimchagua mweupe kuwa ndiye mzuri. Ushahidi huo ulitajwa katika hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 1954 iliyopiga marufuku kutenganisha shule kwa rangi. Watoto wa namna hiyo walikuwa na watu wa rangi yao wakiwazunguka. Vipi yule ambaye hata ndani ya nyumba hamna uso unaofanana na wake?

Mwaka 2009 taasisi ya Evan B. Donaldson ya Marekani, iliyokuwa ikitafiti masuala ya kuasili, ilitoa ripoti iliyowahoji watu wazima 179 waliozaliwa Korea Kusini na kulelewa na wazazi Wazungu. Asilimia 78 walisema utotoni walijiona Wazungu au walitamani kuwa Wazungu. Sina sababu ya kudhani kwamba wote hao walilelewa vibaya. Walilelewa na watu waliowapenda na ambao hawakuwahi kuwaeleza wanachokiona kwenye kioo.

#2 Mtoa mada (naendelea)

Kabla hamjanijibu, niweke historia kidogo, kwa sababu ubaguzi wa ndani ya nyumba ulikuwa na mlezi wake: serikali na mashirika.

Kati ya mwaka 1958 na 1967 kulikuwa na mradi wa Ofisi ya Masuala ya Wenyeji ya serikali ya Marekani pamoja na shirikisho la mashirika ya ustawi wa watoto. Watoto 395 wa Wenyeji wa Marekani walipelekwa kwa familia ambazo karibu zote zilikuwa za Wazungu. Hao ni wa mradi huo mmoja tu. Kufikia miaka ya 1970 tafiti zilizopelekwa kwenye Bunge la nchi hiyo zilionyesha kwamba asilimia 25 hadi 35 ya watoto wa Wenyeji walikuwa wameondolewa kwenye familia zao. Mara nyingi kosa la mzazi lilikuwa umaskini, au mtoto kulelewa na bibi na shangazi badala ya mama peke yake. Yaani ukoo kulea mtoto wake kulihesabiwa kuwa ni kumtelekeza.

Ndiyo maana ikapitishwa sheria ya mwaka 1978, maarufu kama ICWA, inayotaka ndugu na kabila la mtoto wa Wenyeji wafikiriwe kwanza anapotafutiwa malezi. Ilipingwa mahakamani kwa madai kwamba inabagua kwa rangi. Juni 2023 Mahakama ya Juu iliiacha isimame, majaji saba kwa wawili. Shirikisho lile la ustawi wa watoto lilikuwa limeomba radhi tangu mwaka 2001.

Kanada na Australia zina historia zao za namna hiyo. Waziri Mkuu wa Australia wakati huo, Kevin Rudd, aliomba radhi bungeni Februari 2008 kwa watoto wa Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, walionyang'anywa wazazi wao.

Korea Kusini nayo ilipeleka nje watoto wapatao 200,000 tangu vita ya miaka ya 1950, wengi wao Marekani na Ulaya. Machi 2025 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya nchi hiyo ilitamka kwamba serikali ilivunja haki za watoto hao. Kuna walioandikwa yatima ilhali wazazi wao walikuwa wanajulikana, na kuna waliopewa utambulisho wa mtoto mwingine. Hebu fikirini mtu ambaye maisha yake yote ameambiwa ashukuru kwa kuokolewa, kisha anaonyeshwa kwamba faili lake ni la uongo.

#3 Mchangiaji wa kwanza

Mtoa mada nakuheshimu ila hapa sikubaliani nawe. Mtoto ametolewa kwenye shida, amesomeshwa, amepata bima ya afya na chumba chake mwenyewe. Leo akae mtandaoni kulalamika kwamba mjomba alisema neno mezani? Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Wangapi wanalelewa na wazazi wao wa damu na wanapigwa kila siku?

#4 Mtoa mada

Mkuu, ahsante kwa kusema wazi, maana wengi wanaliwaza hilo na kulimeza. Lakini angalia ulichokifanya. Mtu amesema "nilibaguliwa", wewe umemjibu "ulisomeshwa". Mtoto wa kuzaa akilalamika kuhusu mjomba, hakuna anayemkumbusha ada ya shule. Kwake ada ni wajibu wa mzazi, kwa huyu imegeuka mkopo. Huo ndio ubaguzi wa kuasiliwa ninaousema.

Na hiyo "shida" aliyotolewa usiiandike wewe. Wengine walitoka kwenye shida kweli. Wengine walikuwa na mama aliyekuwa anahitaji msaada wa miezi michache tu, asipewe.

#5 Mchangiaji wa pili

Nimesoma uzi huu na moyo unanienda mbio. Mimi ni mmoja wa hao mnaowajadili. Niliasiliwa nikiwa mchanga na wazazi Wazungu, Kiswahili nimejifunza ukubwani.

Nawapenda wazazi wangu. Naliandika hili mwanzo kwa sababu najua bila hivyo mtaniita mwenye kinyongo, na tayari hapo mnaona ninavyolazimika kulipa kodi kabla ya kuzungumza.

Nilipokuwa mdogo nikitembea na mama, kila mtu alinichekea. Walishika nywele zangu bila kuomba. Walimwambia mama ana moyo wa ajabu, nami nikisikia. Nilipofika umri wa kutembea peke yangu, watu wale wale, mtaa ule ule, wakaanza kushika mikoba yao. Hakuna aliyekuwa ameniandaa kwa hilo. Weupe wa wazazi ulinifunika nikiwa nao tu, na siku niliyotoka peke yangu nilikuwa mvulana mweusi kama wengine wote, isipokuwa wengine walifundishwa na baba zao namna ya kukaa polisi wakikusimamisha. Baba yangu hakujua kwamba kuna kitu cha kufundisha.

Nilipomweleza kwamba mlinzi wa dukani ananifuata, alisema pengine anamfuata kila mtu. Hakuwa na ubaya. Yeye hajawahi kufuatwa. Lakini tangu siku hiyo sikumwambia tena mambo ya aina hiyo.

Upande wa pili nao haukunipokea kirahisi. Vijana weusi waliniambia naongea kama Mzungu. Wakubwa wao walikuwa wapole zaidi, kinyozi mmoja alinifundisha kuhusu kichwa changu mambo ambayo nyumbani hayakuwahi kutajwa.

Na lile swali: "Wazazi wako halisi wako wapi?" Nimeulizwa na walimu, na madaktari, na watu niliokutana nao dakika hiyo hiyo. Anayeuliza haoni kwamba kwa swali moja amewafuta wazazi walionilea na kunidai habari za mama ambaye mimi mwenyewe sijamwona.

#6 Mtoa mada

Ndugu yangu, ahsante. Hukulazimika kutupa hayo.

Alichokieleza kuhusu kufunikwa na weupe wa wazazi kimeandikwa na mwanasaikolojia Richard Lee mwaka 2003: mtoto anakua akitendewa kama mmoja wa walio wengi kwa sababu ya familia yake, na wakati huo huo jamii inamwona wa walio wachache. Akiondoka nyumbani, sehemu ya kwanza hubaki kwa wazazi, ya pili huondoka naye.

#7 Mchangiaji wa tatu

Naomba niongeze upande ambao hamjaugusa. Mimi na mume wangu ni weusi, tunaishi ughaibuni, na tumemlea mtoto Mzungu aliyeletwa kwetu na idara ya ustawi wa jamii. Mama mzungu akiwa na mtoto mweusi anaambiwa ana moyo wa dhahabu. Mimi nikiwa na mtoto wangu naulizwa kama ni yaya. Mume wangu aliwahi kuzuiwa na watu bustanini, mtoto alipomlilia, wakamdai athibitishe kwamba ni wake. Tunatembea na nakala ya karatasi za mahakama kwenye mkoba, kila mahali. Mtoto naye ameshaanza kuuliza kwa nini baba hutoa karatasi na baba za wenzake hawatoi.

#8 Mtoa mada

Dada, hili ni la kweli na halisemwi vya kutosha. Mweupe kumlea mweusi huonekana ni wema, mweusi kumlea mweupe huonekana ni jambo la kutiliwa shaka. Sheria ni moja, karatasi ni moja.

Tena familia nyeusi zimekuwa zikilea bila kupigiwa makofi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, watoto wa askari weusi wa Marekani waliozaliwa na mama Wajerumani walikuwa wanakataliwa kote kuwili. Mwandishi wa habari mweusi Mabel Grammer, ambaye mumewe alikuwa mwanajeshi, alisaidia mamia ya watoto hao kuasiliwa na familia nyeusi za Kimarekani, naye akaasili kadhaa mwenyewe.

Na wako wanaozuiwa mlangoni kabisa. Uingereza, Sandeep na Reena Mander, Masingasinga waliozaliwa huko huko, waliomba kuasili wakaambiwa kwamba watoto waliopo ni Wazungu, na kwamba wajaribu India au Pakistan. Walishitaki halmashauri ya Windsor na Maidenhead, na Desemba 2019 mahakama ikawapa haki pamoja na fidia inayokaribia pauni 120,000. Hii ni England ambako tangu mwaka 2014 sheria ilishaondoa sharti lililowataka maofisa kuzingatia rangi na utamaduni wanapotafuta familia. Kumbe kuifuta rangi kwenye sheria hakukuifuta kwenye vichwa vya wanaohudumu.

#9 Mchangiaji wa nne

Mada nzuri lakini mmeegemea upande mmoja. Rita Simon na Howard Altstein walizifuatilia familia za aina hii Marekani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi watoto wakawa watu wazima. Waliwakuta wengi wako vizuri, wanajiamini, wanapendana na wazazi wao. Mwaka 1972 chama cha kitaifa cha maofisa ustawi weusi kilipinga watoto weusi kuwekwa kwa Wazungu, na uwekaji huo ukapungua sana. Matokeo yake? Watoto wakazungushwa nyumba hadi nyumba kwenye malezi ya muda wakisubiri familia ya rangi yao. Lipi baya zaidi, mjomba mwenye mdomo mchafu au kukosa familia kabisa?

#10 Mtoa mada

Mkuu, huo utafiti siupingi, na sijasema popote kwamba familia hizi zisiwepo. Mtoto anayesubiri anaumia, hilo halina ubishi. Lakini kujiamini ni jambo moja na kuandaliwa ni jingine. Mchangiaji wa pili anajiamini, hebu tazama alivyoandika, na bado alitoka nyumbani bila kinga.

Hao maofisa weusi wa 1972 nao wanastahili kusikilizwa kwa haki. Walikuwa wanaona familia nyeusi zikikataliwa kwa vigezo vya ukubwa wa nyumba, kipato na hati ya ndoa, kisha inasemwa kwamba familia nyeusi hazipatikani. Mwaka 1994 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuzuia kumchelewesha mtoto kwa sababu ya rangi, na mwaka 1996 ikakazwa zaidi. Sheria hiyo hiyo iliyataka majimbo yatafute kwa bidii walezi wanaofanana na watoto waliopo. Sehemu ya kwanza ilitekelezwa kwa ukali, hiyo ya pili ikaachwa nyuma. Wapo maofisa walioogopa hata kumuuliza mzazi mtarajiwa kama ana rafiki mmoja wa rangi ya mtoto anayemtaka, wakihofia kushitakiwa. Mimi naona hapo ndipo mtoto alipotupwa. Kumuuliza mzazi swali gumu si kumnyima mtoto.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 20, unataka asili ya mtoto kikabila, kidini, kiutamaduni na kilugha izingatiwe anapotafutiwa malezi mbadala. Haukusema asubiri milele. Ulisema izingatiwe.

Na kama mnadhani rangi haihesabiki, angalieni pesa. Mwaka 2013 redio ya NPR ya Marekani iliripoti kwamba baadhi ya mashirika yalikuwa yakitoza ada ndogo kwa mtoto mweusi kuliko kwa mtoto mweupe. Wanaotetea wanasema ni kuvutia familia, kwa kuwa wanaowataka ni wachache. Sawa, nia naielewa. Lakini mtoto huyo anakua, anajua kusoma, anafungua intaneti. Nani atamweleza kwa nini yeye alikuwa wa bei ya chini?

#11 Mchangiaji wa tano

Mimi na mwenzangu tuko kwenye mchakato wa kuasili na huenda tukapewa mtoto wa rangi tofauti na yetu. Nimeusoma uzi wote na nimeingiwa na hofu. Tufanye nini, au tuache?

#12 Mtoa mada

Usiache kwa sababu ya uzi. Acha ikiwa huwezi kujibu yafuatayo kwa ukweli.

La kwanza ni wazazi na ndugu zenu. Zungumzeni nao kabla mtoto hajafika, na mwamue mapema mtamfanya nini mkubwa atakayetoa kauli ya kibaguzi. Kama jibu lenu ni "ndivyo alivyo, tutamzoea", basi mmeshaamua kwamba mtoto ndiye atakayelipa. Kuna wazazi waliosusia sherehe za ukoo kwa miaka kwa ajili ya hili. Inauma, lakini kati ya bibi mwenye miaka sabini na mtoto wa miaka sita, nadhani mnajua nani ana uwezo wa kujirekebisha.

La pili ni mahali mtakapoishi. Mtoto akiwa peke yake wa rangi yake darasani, kanisani au msikitini, na kwenye kila sherehe ya kuzaliwa, vitabu vyenye picha za watu kama yeye havitaziba pengo hilo. Hamieni nyinyi. Ni rahisi zaidi kwa mtu mzima kuwa mgeni mtaani kuliko kwa mtoto kuwa mgeni utoto mzima. Na watu wa rangi yake wawe marafiki zenu kweli, wanaokula kwenu na nyinyi kwao, msiwaajiri tu kumsuka nywele.

Akirudi na habari ya kubaguliwa, msianze kumtetea aliyembagua. Msimuulize kama ana uhakika. Mwambieni mmemwamini, kisha nendeni shuleni.

Kuhusu mama yake mzazi: msimtukane, msimgeuze malaika, na msimfiche. Mtoto akitaka kumtafuta, asilazimike kuchagua. Jina alilopewa akizaliwa libakizeni hata kama mtaongeza jingine. Wasikilizeni watu wazima walioasiliwa, hata wale wenye hasira. Mashirika hupenda kuwaalika wenye furaha tu.

Mwisho ni karatasi, na hili nalisisitiza kwa yeyote aliyeasiliwa kutoka nje ya nchi. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2000 ya kuwapa uraia watoto walioasiliwa kutoka nje bila kuomba upya, ikaanza kazi Februari 2001, lakini iliwaacha nje waliokuwa wameshatimiza miaka 18 siku hiyo. Wazazi wengi walikuwa hawajui kwamba walitakiwa kuwaombea. Kuna mtu aliyeletwa kutoka Korea Kusini mwaka 1979 akiwa na miaka mitatu, na mwaka 2016 alirudishwa huko akiwa na miaka zaidi ya arobaini, lugha haijui. Kwa hiyo usitegemee hukumu ya kuasili peke yake. Hakikisha mtoto ana cheti cha uraia na pasipoti kwa jina lake, tunza hati halisi za alikozaliwa, na akifikisha miaka 18 mkabidhi nakala za kila kitu.